Tunaogopa Maabara, Tunasahau Fomu

Zikitajwa filamu za maadili ya tiba, wengi wetu huwaza watoto wanaoagizwa maabara kama nguo kwa fundi. Gattaca ya mwaka 1997 haikosi kutajwa. Naipenda, ila nadhani imetuelekeza kuogopa pasipo penyewe. Humo jamii inawapanga watu kwa jeni zao, na Vincent, aliyezaliwa bila kuchaguliwa, anatumia damu na mkojo wa mtu mwingine ili aruhusiwe kurushwa anga za juu. Sote tunamshangilia. Hatuulizi kama atakaosafiri nao wana haki ya kujua kwamba moyo wa mwenzao ulitabiriwa kuwa mbovu. Filamu imeshatuamulia nani mwema, kwa hiyo mjadala umekwisha kabla haujaanza.

Kwa maoni yangu, swali gumu la tiba ya leo liko kwenye ridhaa: mgonjwa aliambiwa nini, akaelewa nini, na alikuwa na nafasi gani ya kusema hapana.

Chukua kisa cha He Jiankui. Novemba 2018 mwanasayansi huyo wa China alitangaza kuzaliwa kwa mapacha ambao alihariri jeni zao wangali viinitete, akidai kuwakinga na VVU. Dunia ikapiga kelele juu ya binadamu wa kutengenezwa, na Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ikamfunga miaka 3. Mimi nilikwama kwenye karatasi. Fomu ya ridhaa waliyopewa wazazi iliuita mradi ule utengenezaji wa chanjo ya UKIMWI. Akina baba walikuwa wakiishi na VVU, na walichokuwa wakikitafuta ni mtoto.

Hila ya namna hiyo ni ya zamani, na filamu inayoifunua vizuri ni Miss Evers' Boys, iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya HBO mwaka 1997. Chanzo chake ni utafiti wa Tuskegee, Alabama. Kuanzia 1932 hadi 1972 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende, pamoja na 201 wasio nayo wa kulinganishwa nao. Wagonjwa waliambiwa wana "damu mbaya". Sindano ya kufyonza maji ya uti wa mgongo, ambayo ilikuwa kipimo tu, walielezwa kuwa ni tiba maalumu ya bure. Penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Walichoahidiwa ni milo, usafiri na gharama za mazishi.

Filamu haikumweka katikati daktari katili. Imemweka muuguzi, anayeigizwa na Alfre Woodard, mwanamke anayewapenda wagonjwa wake na anayewaficha ukweli. Unaweza kusema imemtwika mtu mmoja mzigo wa serikali nzima, nami sitakubishia. Lakini wanaume wale wasingemfuata mzungu mgeni kutoka Washington kwa miaka yote hiyo. Walimfuata yeye, na imani yao kwake ndiyo iliyouweka utafiti hai. Rais Bill Clinton aliomba radhi Mei 1997, walionusurika wakiwa wamebaki 8.

My Sister's Keeper ya 2009 ilikuwa na swali zuri, ikalikimbia. Mtoto aliyezaliwa ili awe akiba ya dada yake anayeumwa anawashtaki wazazi, maana sasa inatakiwa figo yake. Baadaye tunaambiwa mgonjwa mwenyewe ndiye aliyemtuma, amechoka kuteseka. Na kama angetaka kuishi? Hapo ndipo penyewe, na filamu haithubutu kufika.

Inayozishinda zote kwangu ni Wit ya Mike Nichols, ya 2001. Emma Thompson ni Vivian Bearing, profesa wa ushairi wa John Donne, mwenye saratani ya ovari iliyofika hatua ya nne. Mwanzoni kabisa daktari anamweleza tiba ya majaribio: mizunguko 8 ya kemotherapi, kila mmoja kwa dozi kamili. Anakubali. Huyu si mkulima maskini wa Alabama. Maneno ndiyo kazi yake. Kisheria ridhaa imepatikana, tena safi. Ila mwili ukishaanza kubomoka, anagundua kwamba wanaomzunguka wanasubiri matokeo zaidi kuliko wanavyomsubiri yeye apone.

Jason, daktari kijana aliyewahi kusoma darasani kwake, anavutiwa na seli za saratani kuliko na mwenye nazo. Si mtu mbaya. Ni mwanafunzi hodari aliyefunzwa kutanguliza somo mbele ya watu, na Vivian naye alifundisha hivyohivyo. Muuguzi Susie ndiye anayekaa naye na kumuuliza: moyo ukisimama, unataka tuushtue? Vivian anakataa. Siku moyo unaposimama, Jason anaita kikosi cha kumhuisha, na Susie anamvuta atoke kitandani huku agizo la mgonjwa limo kwenye faili. Jason anajitetea kwa kupaza sauti kwamba huyu ni utafiti.

Kinachonitisha ni kwamba hasemi uongo. Vivian alilitia saini hilo siku ya kwanza, akiwa na akili zake zote.