Watoto wa Pwani wafundishwe kwanza, mtambo utafuata

Mtoto wa kaka yangu yuko Kidato cha Nne katika shule moja ya wasichana hapa Mombasa. Juzi shule yao ilialika watu waje kuwaeleza wanafunzi habari za kazi. Binti akanyanyua mkono, akauliza: mtu akitaka kuwa mteknolojia wa tiba ya nyuklia, aanzie wapi? Mgeni aliyekuwa mbele, mtu mzima na heshima zake, akamjibu: “Achana na hayo, mwanangu. Nyuklia ni mambo ya mabomu. Na mtoto wa kike akikaa kwenye mionzi, uzazi umekwenda. Wewe soma unesi.” Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Usiku akanipigia simu. “Shangazi, kwani wewe hukuzaa?”

Nimezaa. Watoto wawili, na mimba zote mbili nilizibeba nikiwa kazini, katika idara ya tiba ya nyuklia ya hospitali moja Nairobi, pale mgonjwa anapopewa dawa yenye mionzi ili apigwe picha au atibiwe. Nilipowaarifu wakubwa wangu kwa barua kwamba nina mimba, niliondolewa kwenye chumba cha kutayarishia dawa na kwa wagonjwa wanaotibiwa kwa ayodini yenye mionzi, nikapewa beji ya pili ya kupimia mionzi niivae tumboni, na mpaka ukawekwa: mtoto asipate zaidi ya milisiverti 1, yaani kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, hadi siku ya kuzaliwa. Kwa mfanyakazi asiye na mimba mpaka ni wastani wa milisiverti 20 kwa mwaka, na sisi tunaofuata taratibu hatuukaribii. Beji zinapelekwa kupimwa, majibu yanarudi, yanawekwa kwenye faili ya kila mtu kwa jina lake. Vijana wanaopakia saruji mchana kutwa, nani huwapima mapafu hivyo? Mbona hao hawaambiwi kazi yao itawamaliza?

Najua jina lenyewe limechafuka Pwani. Watu wa Uyombo kule Kilifi waliandamana mwaka 2024 kupinga kinu cha umeme wa nyuklia, na mimi siwalaumu hata kidogo; ardhi ni yao, bahari ni yao, walistahili kuulizwa kwanza. Lakini kinu cha umeme na sindano ya teknetiamu, dawa yenye mionzi tunayoitumia kupigia picha, ni mambo mawili mbalimbali kabisa. Teknetiamu nguvu yake hupungua nusu kila saa 6. Ukimdunga mgonjwa leo asubuhi, kesho saa kama hiyo imebaki sehemu moja kati ya kumi na sita, na sehemu yake imeshatoka na mkojo. Mionzi yenyewe si mgeni kwetu: Kilima cha Mrima kule Kwale kina thoriamu, madini yenye mionzi, kwenye udongo na miamba yake tangu kabla ya sisi kuzaliwa.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi. Idara za kazi hii zimejazana Nairobi: Kenyatta, Aga Khan, hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mgonjwa wa Pwani hupanda basi la usiku pale Mwembe Tayari, au treni pale Miritini, na maumivu yake ya mifupa, kwenda kulala Nairobi kwa jamaa asiyemjua vizuri ili apigwe picha ya nusu saa. Viongozi wetu wanapoligusa jambo hili, wanazungumzia mtambo wa kupigia picha hizo. Tutanunua mtambo, tutaleta mtambo, tutakata utepe. Sijamsikia hata mmoja akitaja nani atasimama kando ya mtambo huo.

Tumeshayaona haya. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote, mkataba wa mabilioni. Seneti ilipokuja kuchunguza, ikatoa ripoti mwaka 2020, na humo zimo hospitali ambazo vifaa vilikaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, au umeme, au chumba cha kuviweka. Kamera ya gama, ndiyo mtambo wenyewe unaopiga picha hizi, ni ghali na haina uvumilivu. Ikikosa mtu wa kuipima kila asubuhi itakupa picha nzuri za uongo.

Nataka watu waelewe mteknolojia anafanya nini hasa, kwa sababu wengi wanadhani ni kubonyeza kitufe. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naingia chumba cha dawa. Kuna jenereta, si ile ya stima. Ni chombo kidogo kilichozungushiwa madini mazito ya risasi, ndani yake mna molibdenamu inayozaa teknetiamu. Naweka chupa ya maji ya chumvi upande huu, na upande wa pili chupa tupu iliyotolewa hewa, nayo imo ndani ya kasha la risasi. Chupa tupu inayavuta maji, maji yanapita na kuichukua teknetiamu, molibdenamu inabaki. Huikamua kila asubuhi kama ng'ombe, na kesho yake imejaa tena. Kisha napima: je, molibdenamu imevuja? Ikizidi kiwango, hakuna mgonjwa anayedungwa dawa ile. Kisha hesabu. Mgonjwa wa saa saba mchana anatakiwa apate milikyuri 20, kipimo cha nguvu ya dawa hii. Basi dozi yake ukiipima saa moja asubuhi lazima isome 40. Mwenye haraka na asiyependa hesabu hawezi kazi hii. Mwenye utulivu, mikono safi na tabia ya kuhakikisha mara mbili jina la mgonjwa, huyo ndiye.

Na kuna yale ambayo kitabu hakiyafikishi. Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Msambweni, ana saratani ya tezi dume, daktari anataka kujua kama imefika kwenye mifupa. Nikamdunga dawa, akanywa maji, akasubiri saa tatu kama inavyotakiwa, akaenda msalani, akalala kwenye meza. Gauni la hospitali alilikataa, akabaki na kikoi chake. Picha ikaanza kujengeka kwenye skrini, uti wa mgongo safi, mbavu safi, kisha karibu na nyonga ya kulia likatokea doa jeusi, limekolea. Mtu aliyefunzwa nusunusu angeituma picha ile. Daktari angelisoma doa kama saratani iliyosambaa, na matibabu ya mzee yangebadilika pale pale.

Nikainama, nikamuuliza polepole kwa lafudhi ya kwetu: “Mzee wangu, samahani nikuulize, msalani mambo yalikwenda sawa?” Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya chini: “Mwanangu, matone yaliingia kwenye kikoi. Nimeona haya kusema.” Mkojo wake ulikuwa na dawa ile ile. Tukampa maji akajisafisha, tukampa shuka safi, nikarudia picha ya sehemu ile. Doa halikuwepo.

Mzee yule asingemwambia mtu yeyote. Alisema kwa sababu aliyemuuliza alimwita mzee wangu kwa sauti ya nyumbani, na alijua la kuuliza kwa sababu alifundishwa kwamba mkojo kwenye nguo hujifanya ugonjwa. Vyote viwili vilihitajika. Ndiyo maana nasema watoto wa Pwani, na ndiyo maana nasema mafunzo. Wateknolojia wenzangu wa Nairobi ni hodari, wengi wamenifundisha mimi. Lakini wagonjwa wetu watakuwa wamama wa Faza, wazee wa Vanga, wafugaji wa Hola, na kuna maswali ya mwilini ambayo mtu hamjibu mgeni.

Kuhusu njia ya kufika, binti yangu, sikiliza, na wazazi wenzangu sikilizeni. Usiiache fizikia. Nimewaona wasichana hodari wa Tudor na Kisauni wakiiacha Kidato cha Pili kwa sababu mwalimu alisema ni somo la wavulana, na hapo mlango ulifungwa bila wao kujua kuna mlango. Fizikia, kemia, baiolojia, hesabu. Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni kuanza na upigaji picha za kitabibu, stashahada ya miaka 3 KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, au shahada ya chuo kikuu, kisha mtu anajiendeleza kwenye tiba ya nyuklia. Afrika Kusini kijana anaweza kuisomea moja kwa moja tangu mwaka wa kwanza, shahada ya miaka 4. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki nalo lina mafunzo ya masafa kwa wateknolojia walio kazini: unasoma moduli, unafanya mazoezi kwenye idara yako mwenyewe chini ya msimamizi, unaandika matokeo. Lakini soma hapo vizuri: walio kazini, kwenye idara. Mazoezi hayafanyiki hewani. Kwa hiyo kijana wetu lazima akae Nairobi au Dar es Salaam, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, muda wa kutosha, na kukaa huko ni kodi, chakula na nauli.

Hapo ndipo watu huniambia: utamsomesha kijana kazi ambayo kwao haina mtambo, arudi afanye nini? Nakubali, shingo upande, kwamba nafasi ni chache na kuna watakaosoma wakasubiri. Hilo ni kweli na linaumiza. Lakini mtu mwenye stashahada ya upigaji picha hakosi cha kufanya akisubiri. Atapiga eksirei, atapiga CT, ataendelea kuhudumia. Mtambo ukisubiri mtu unaoza, na mkataba wa matengenezo unaendelea kulipwa.

Wengine husema Pwani iko mbali na dawa. Hesabu yao ni nusu. Kweli, teknetiamu iliyokamuliwa Nairobi asubuhi ukiipakia treni ya SGR, ikifika Miritini imebaki karibu nusu. Florini-18, dawa ya aina nyingine ya picha iitwayo PET, ni mbaya zaidi. Hupungua nusu kila dakika 110, kwa hiyo treni ikifika imebaki kama sehemu moja ya kumi. Lakini jenereta nzima husafiri. Molibdenamu iliyomo hupungua nusu kwa takriban saa 66, ndiyo sababu tanuri la nyuklia la SAFARI-1 linaloizalisha kule Pelindaba, Afrika Kusini, linalofanya kazi tangu 1965, linalisha hospitali za nchi za mbali. Kinachopanda ndege kutoka huko kinaweza kushuka uwanja wa Moi hapa Mombasa. Leseni ipo ya kuomba kwa mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Mamlaka hiyo itauliza kwanza watu wenu wako wapi, na vyeti vyao, na beji zao. Tutajibu nini?

Kwa hiyo hili ndilo ombi langu kwa kaunti sita za Pwani. Acheni kwanza mambo ya utepe. Kila kaunti ichague vijana wawili, mmoja wao awe msichana, wawe tayari ni wapiga picha waliosajiliwa, wanaofanya kazi kwenye hospitali zenu hivi sasa. Lipeni karo, lipeni na kodi ya nyumba, maana kulipiwa karo peke yake ndiko kulikowarudisha wenzangu wawili nyumbani kabla ya kumaliza. Wapelekeni pamoja na mfamasia na mwanafizikia wa kitabibu, kwa sababu mteknolojia peke yake hafungui idara. Wakirudi, waingizwe kwenye kamati itakayochora jengo, maana wao ndio watakaojua kwamba mgonjwa aliyedungwa anahitaji choo chake mwenyewe, mbali na foleni ya wamama waja wazito. Nimeliona jengo moja lililochorwa bila kumuuliza mteknolojia. Choo hicho kiliwekwa mwisho wa korido, kando ya kliniki ya uzazi, na ikabidi ukuta uvunjwe.

Na mkataba wa kijana kurudi kuitumikia Pwani miaka kadhaa utiwe sahihi kabla ya hundi ya kwanza kutoka, ukiwa na mshahara anaoahidiwa umeandikwa humo humo. Waliotoroka wengi walitoroka kwa sababu waliporudi hawakukuta hata cheo chao kwenye orodha ya ajira ya kaunti.