Kidole Kikikataa, Daftari Lifunguliwe

Agosti 2022, kwenye foleni ya kituo chetu cha kura hapa Manyatta, Kisumu, mbele yangu alikuwepo mama mmoja muuza samaki. Aliweka kidole kwenye KIEMS, mashine ya kutambua wapiga kura, ikamkataa. Karani akakipangusa kwa kitambaa, wakajaribu gumba, kisha mkono wa pili. Wapi! Miaka ya kuparua magamba ya ngege ilikuwa imekwisha kuzifuta alama. Mwishowe karani akaingiza nambari ya kitambulisho, picha ikatokea, fomu 32A, ya aliyekataliwa na mashine, ikajazwa mawakala wa vyama wakitazama, mama akapiga kura.

Yeye alibahatika, mashine ilikuwa hai. Siku hiyohiyo, katika vituo kadhaa vya Kakamega, mashine zilikwama, na waliorauka alfajiri wakangoja mpaka tume ya uchaguzi iruhusu daftari la karatasi lenye majina ya wapiga kura.

Ukilitaja daftari hilo kwenye mjadala wa kura, unaitwa mwizi kabla hujamaliza kusema. Shaka hiyo ina mizizi. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria mwaka 2008 kwamba daftari lilikuwa na marehemu wapatao milioni 1.2, na kwamba madebe yalijazwa katika ngome za pande zote mbili (sisi wa Nyanza tusijifanye hatukuwemo). Tena kuna hoja nzito zaidi: karatasi ikiruhusiwa, atatokea mtu wa kuua betri ya mashine makusudi.

Lakini fanya hesabu hii. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Mlango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, yaani dakika 660. Wote wakijitokeza, kila mmoja hana hata dakika yake. Kidole kinachopanguswa dakika tatu kimekula za wengine wawili. Sembuse mashine iliyolala kwa muda wa saa nne. Ni kweli, aliye kwenye foleni wakati wa kufunga hupiga kura, na muda uliopotea huweza kufidiwa. Ila ni nani anayebaki? Si mama aliyefunga kibanda, wala mwenye mtoto mgongoni.

Kura ya wizi huacha nyayo. Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo, hubandikwa mlangoni, na mwaka 2022 picha zake ziliwekwa kwenye tovuti ya tume. Mahakama ya Juu ilikwisha kufuta uchaguzi mzima wa urais, tarehe 1 Septemba 2017. Aliyekata tamaa akarudi nyumbani hana fomu. Hakuna wakili atakayemleta mahakamani kama ushahidi.

Kuhusu betri, dawa ipo: mashine ya akiba ijaribiwe kwanza, mawakala wote watie sahihi, kituo kitangazwe hadharani. Sheria yenyewe inataka pawe na njia mbadala. Kilichobaki ni tume kusema mapema, kabla ya Agosti 2027, mashine ikae kimya dakika ngapi ndipo daftari lifunguliwe. Mimi naona nusu saa yatosha.