Ulinzi wa bei unaoishia kwenye mita

Tanga ikizungumzia bili ya maji, watu hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaotaka serikali iishike bei isipande hata kidogo. Wapo wanaosema mamlaka ya maji iachwe itoze gharama halisi, maana bomba lililooza halitengenezwi kwa huruma. Kila kundi lina hoja nzito. Ila yote mawili yanamsahau mtu yuleyule: mpangaji wa chumba kimoja Makorora au Ngamiani, ambaye jina lake halipo kwenye bili yoyote.

Kwanza, kwa nini mdhibiti wa bei awepo? Muuza duka akipandisha sukari, unavuka barabara ukanunue kwa mwenzake. Kwa maji huna pa kuvukia. Hakuna atakayelaza bomba la pili kutoka bwawa la Mabayani hadi mjini ili ashindane kwa bei na Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Mwenye njia pekee asipochungwa atatoza atakavyo na kuhudumia atakavyo. Ndiyo sababu sheria ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilitungwa mwaka 2001, na mamlaka hiyo ikaanza kazi 2006. Anayetaka bei mpya ya maji au umeme anapeleka maombi yenye hesabu, unaitishwa mkutano wa taftishi, yaani wa kuyachunguza maombi hadharani, Baraza la Watumiaji linalowatetea wateja na wananchi wenyewe wanahoji, kisha agizo la bei linatolewa.

Utaratibu huu una meno. Mwaka 2016 TANESCO, shirika la umeme, iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikaridhia asilimia 8.53. Zaidi ya nusu ya ombi ilikatwa. Anayesema udhibiti ni mchezo wa kuigiza aikumbuke hesabu hiyo.

Lakini aikumbuke na sehemu ya pili. Bei hiyo ilikuwa ianze Januari 1, 2017, na haikuanza. Serikali iliizuia, na Rais Magufuli akamwondoa kazini Mkurugenzi Mkuu wa EWURA. Wengi tulifurahi, na sababu ilikuwepo: umeme ukipanda, mashine ya kusaga inapanda, barafu ya samaki inapanda, na fundi cherehani naye anapandisha. Hata hivyo, taftishi ambayo uamuzi wake unaweza kufutwa kwa usiku mmoja inampa nani sababu ya kuhudhuria? Safari hiyo agizo la juu liliangukia upande wa mwananchi. Hakuna kinachozuia safari nyingine liangukie upande wa pili, na hapo tutautafuta utaratibu tulioufurahia kuvunjwa.

Hoja ya wanaotaka gharama halisi ina uzito wa pekee hapa Tanga kuliko miji mingi ya nchi hii. Februari 2024 Tanga UWASA ilizindua hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Lengo ni kuongeza uzalishaji kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku na kupanua mtandao. Piga hesabu: riba peke yake, deni likiwa bado halijapungua, ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka. Fedha hizo zinatoka kwenye bili. Hatuwezi kusifu mkopo asubuhi na jioni tukadai bei isiguswe kamwe.

Halafu kuna milima. Maji ya Mabayani ni ya mto Zigi, unaoanzia misitu ya Usambara Mashariki. Kingo za mto zikilimwa ovyo kule juu, tope linashuka bwawani na dawa ya kusafishia inaongezeka. Wakulima wa kule, wakiwemo wa umoja wa UWAMAKIZI, wanapoacha kulima ukingoni wanatufanyia kazi sisi wa mjini. Kazi hiyo nayo ni gharama halali, na mimi niko tayari kuilipia.

Nisichokubali ni kulipia uzembe. Ripoti za EWURA zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka za maji nchini hupotea kabla ya kulipiwa. Gharama halisi ya nani, basi? Mdhibiti akiruhusu uvujaji uingizwe wote kwenye bei, anakuwa karani wa kugonga muhuri.

Sasa nirudi kwa mpangaji, kwa sababu kwake pande zote mbili zinakwama.

Bei za umeme zilizowekwa 2016 zinamlinda mtumiaji mdogo: yuniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo, wakati mtumiaji wa kawaida wa nyumbani analipa 292. Nia ni njema kabisa. Chukua nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, kila chumba familia, kila familia ikitumia yuniti 20. Kila mmoja angekuwa na LUKU yake, mita ya kulipia kabla, angelipa 2,000. Lakini mita ni moja, jumla ni yuniti 120, na nyumba inahesabiwa kuwa ya mtumiaji wa kawaida, si mdogo. Kwa 292, kila chumba kinatoa 5,840, karibu mara tatu. Nafuu iliyoandikwa kwa ajili ya maskini inamruka maskini kwa sababu amebanana na wenzake, na anayeipata kirahisi ni yule mwenye mita yake peke yake.

Kwenye maji hali inafanana. Yuniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Kila shilingi 10 ambayo mwenye koki anamwongezea mpangaji juu ya dumu ni shilingi 500 kwa yuniti. Bei ya kioski huwekwa kwenye agizo la EWURA, lakini dumu linalouzwa uani kwa jirani halina agizo. Mwenye nyumba naye si wa kulaumiwa moja kwa moja, maana koki ikivuja usiku au mpangaji akihama bila kulipa, deni ni lake. Anastahili nyongeza, ila nyongeza inayojulikana na kubandikwa ukutani, na nyumba ya familia sita ihesabiwe kama familia sita.

Itaulizwa nani atakagua. Msoma mita anafika hadi mlangoni, na mwenyekiti wa mtaa anawajua wapangaji kwa majina. Baraza la Watumiaji linaweza kuanza mapema zaidi: kabla ya taftishi ijayo ya maji, likusanye bei ya dumu Makorora, Mwanzange, Duga na Ngamiani, na lizipeleke mezani zikiwa zimeandikwa kando ya bei ya yuniti inayoombwa.