Siku sita si fungate

Kila ninapokuta watu wanaisifu filamu ya Barefoot in the Park, anayesifiwa ni Corie. Bi harusi mchangamfu, kila kitu kwake ni sherehe, chakula asichokijua anakitia mdomoni bila kuuliza. Mumewe Paul, wakili mchanga, anaonekana gogo tu lililovishwa tai. Wiki iliyopita nimeitazama kwa mara ya nne, na bado niko upande wa Paul.

Filamu ni ya 1967. Neil Simon aliiandika kwanza kama mchezo wa jukwaani, ukaanza kuonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1963. Robert Redford ndiye Paul kotekote; Jane Fonda aliingia kwenye filamu kama Corie. Maharusi wanamaliza siku sita katika hoteli ya Plaza, New York, wanahamia mtaa wa Greenwich Village, ghorofa ya tano, lifti hakuna. Ni Februari. Dirisha la paani lina tundu, theluji inadondokea sebuleni. Chumba cha kulala ni kidogo hata kitanda kina kazi kuingia. Nyumba kaichagua Corie. Na kesho yake asubuhi Paul ana kesi yake ya kwanza mahakamani! Sasa mtu huyo akitaka kukaa na makaratasi yake usiku, kosa lake nini?

Ngazi zile ndizo zinazonimaliza mbavu. Fundi simu anafika juu hana pumzi. Anayeleta mizigo ya dukani hawezi hata kutamka neno, anaashiria kwa mkono. Mama mkwe anaingia kama aliyevuka jangwa. Simon angeweza kuandika vichekesho kumi tofauti. Akachukua kimoja, akakirudia, na kila mara mtu mwingine akitokeza mlangoni anahema nacheka upya.

Ugomvi wenyewe unalipuka baada ya usiku mmoja wa kwenda kisiwa cha Staten Island kwenye mgahawa wa Kialbania, wao wawili, mama yake Corie, na jirani Victor Velasco anayeishi darini na kupitia dirishani mwao kwenda kwake. Corie anamwambia Paul kwamba duniani kuna watendaji na watazamaji, na Paul ni mtazamaji. Paul anamjibu kwamba kutazama aliyoyafanya usiku ule kulikuwa kazi ngumu kuliko kuyafanya. Halafu linatoka shtaka kuu: Paul alikataa kutembea peku bustanini. Baridi ilikuwa karibu nyuzi 8 chini ya sifuri! Mara talaka imeshatajwa. Katika hasira Paul anasema siku sita hazifanyi wiki. Corie anamuuliza maana yake nini. Mwenyewe hajui. Mswahili anajua: fungate ni saba, walitoka ndani mapema.

Ninachoipendea filamu hii ni kwamba ugomvi hauna mchonganishi. Tamthilia zetu nyingi ndoa ikiyumba lazima pawe na hawara, wifi au mganga. Hapa ni watu wawili na miguu mitupu. Mwaka wetu wa kwanza, mimi na mke wangu tulinuniana siku mbili kwa sababu ya chandarua. Kwao kinachomekwa chini ya godoro pande zote nne. Kwetu upande wa mlangoni huachwa, mtu akitoka usiku asihangaike. Saa nane nikatoka, nikarudi, nikalala. Asubuhi akaninyooshea mkono, vipele vitatu, bila neno. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimwomba radhi. Nilimwambia mbu wale wameingilia upande wake.

Ila kuna jambo filamu inalipita haraka mno. Paul anatoka asubuhi na mkoba wake. Corie anabaki na kuta na rangi ya kupaka. Hana kazi. Siku nzima anamsubiri mtu mmoja, na mtu huyo akirudi amechoka. Hata mimi ningetaka kutembea peku. Kisha mama yake anampa dawa: apunguze mambo yake kidogo kwa ajili ya mume. Hapo nilijikunyata kidogo. Namsamehe mama kwa sababu Mildred Natwick, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo, ana mkasa wake mwenyewe na yule jirani, na ukiutazama uso wake asubuhi ile anapojikuta kalala nyumba ya watu, unasahau mawaidha yote.

Mwisho Corie anapata alichokitaka: mume mlevi, peku, kwenye bustani ya Washington Square, mafua yamemjaa. Na anamkimbilia kumsihi arudi, maana anamtaka yule wa tai. Mimi hapo hupiga makofi peke yangu.

Safari hii niliyapiga taratibu, mke wangu alikuwa amelala zamani. Nikazima runinga, nikaingia kitandani, nikachomeka chandarua pande tatu.