Inaona kila kitu, eti

Kijana wa jirani anayesoma elektroniki amerudi kutoka soko la Kadutu, hapa Bukavu, na osiloskopu ya mfukoni, kile chombo kinachochora mwendo wa umeme kwenye skrini, uso unang'aa. Kidhibiti cha sola alichokiunda kinajizima na kujiwasha kila rile ya frigo, swichi inayoendeshwa na umeme, inapoachia, naye anataka kumshika mwizi. Muuzaji alimwapia: "Mdogo yangu, hii inaona kila kitu." Kila kitu! Na dola zake zimeshakwenda.

Chombo chenyewe ni kit ya DSO138, na karatasi yake haidanganyi hata kidogo: kilohezi 200, sampuli milioni 1 kwa sekunde. Tatizo ni kwamba hakuna anayeisoma. Cheche ya rile inayokata koili huzaa mipigo mifupi mno. Wanaopima uvumilivu wa mitambo huiiga kwa mpigo unaopanda ndani ya nanosekunde 5 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde) na kudumu kama nanosekunde 50. Radi zetu za Kabare, tunazozilaumu kwa kila televisheni iliyoungua, ni wavivu mbele yake: wimbi la kuigiza radi kwenye nyaya huchukua mikrosekunde 1.2, yaani nanosekunde 1,200, kupanda.

Sasa piga hesabu. Gawa 0.35 kwa upana wa masafa ya chombo, yaani kasi ya mwisho ya mawimbi kinachoweza kuyafuata, unapata muda mfupi kabisa ambao chombo hicho kinaweza kuonyesha kitu kikipanda. Kwa kilohezi 200 ni mikrosekunde 1.75. Mpigo wa volti 5 wa nanosekunde 50 ukiingia humo unatoka kama kinundu cha volti 0.3, kipana mara nyingi kuliko ulivyokuwa. Kijana ataona kinundu, atakipima kwa makini, ataandika kwenye ripoti kwamba tatizo ni dogo na la polepole. Atakuwa amepima uvivu wa chombo chake mwenyewe! Bora multimeta, ambayo angalau haichori kitu, kwa hiyo hakuna wa kuiamini.

"Sasa yaya, ninunue nini?" kijana akaniuliza mimi mkubwa wake. Nikamuuliza: unataka kujua nini? Kama mpigo umepita? Umedumu muda gani? Au sura yake? Ni maswali matatu, na bei zake haziko karibu. Sisi tunarukia la tatu kwa sababu skrini inapendeza mbele ya wageni.

Kujua kama umepita, 74HC74 inatosha, chipu ndogo inayokumbuka kwamba imeguswa, haifiki dola moja. Pini ya D iunge kwenye volti 5, mpigo uingie kwenye pini ya saa, taa ya LED kwenye Q, pini ya kutokea. Nanosekunde 50 inazikamata, taa inabaki inawaka hadi ubonyeze kitufe cha kufuta. Unaweza kwenda kunywa chai. Ila weka rezista na diodi mlangoni kwanza, maana mpigo wa rile hauishii volti 5.

Kujua umedumu muda gani, Raspberry Pi Pico, kibodi kidogo cha kompyuta cha kuprogramu, iliyotoka mwaka 2021 kwa dola 4. Saa yake ni megahezi 125, na zile mashine ndogo za PIO ndani yake, zinazoshughulikia pini tu, zinahesabu kwa hatua za nanosekunde 16. Kwa nanosekunde 50 ni hesabu ya mtu mwenye haraka, lakini utatofautisha 50 na 200. Pini zake ni za volti 3.3, tafadhali. Anayetaka pikosekunde, sehemu ya elfu ya nanosekunde, atafute TDC7200, chipu ya kupima muda, na Mungu amsaidie kuilehemu.

Nakubali, shingo upande, kwamba sura haionekani bila osiloskopu ya kweli. Rigol DS1054Z ya megahezi 50 inakupa nanosekunde 7, kwa dola mia tatu na kitu. Changeni darasa zima. Mkiipata, sonda, ule waya wa kugusia, iwekeni kwenye 10x, inayopunguza mpigo mara kumi, maana kwenye 1x nyingi huishia megahezi 6 hivi, na ule waya mrefu wa ardhi muutoe, mtumie springi fupi. La sivyo waya utajitengenezea mawimbi yake, nanyi mtakuja kwangu kuuliza rile imeyatoa wapi.