Baba tulidhani ni uzee
Nimeisoma mara mbili habari hii ya tiba ya mawimbi ya sauti yanayounguza saratani ya tezi dume huku daktari akifuatilia joto kwenye picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Marekani wameruhusu mashine ya namna hiyo tangu 2019. Lakini mwandishi, kuna jambo hukulikazia: tiba hii inafaa zaidi saratani ikiwa bado imo ndani ya tezi. Baba yangu, kule Tukuyu, alikuwa akiamka usiku mara nne, mara tano kwenda kukojoa. Tukasema uzee, na baridi ya kwetu. Tulipomfikisha Mbeya mjini, kumbe ni saratani ya tezi dume, na ilishaingia kwenye mifupa. Baba zangu wa Rungwe na Makete, mkifika miaka 50 muulizeni daktari kipimo cha damu cha PSA, kinachosaidia kuonyesha dalili za saratani hii mapema, hata kama hamuumwi popote. Kaka zangu wawili nimeshawapeleka.