Hasheem Thabeet: miaka mitatu ya Connecticut ilimjenga au ilimficha?

Kila msimu wa drafti ya NBA ukikaribia, yaani zamu ya timu za ligi ya kikapu ya Marekani kuchagua wachezaji wapya, jina la Mtanzania Hasheem Thabeet hurudishwa kizimbani. Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin. Wa tatu akawa James Harden, wa saba Stephen Curry, ambao baadaye wakawa nyota wakubwa. Ukiyapanga majina hayo hivyo, hukumu inajiandika yenyewe, na ndiyo maana wengi huishia hapo. Wanaoujua mchezo wamegawanyika pande mbili: wapo wanaosema aliondoka chuoni mapema, na wapo wanaosema chuo kilikuwa kimeshampa chote kilichokuwa nacho.

Tuanze na alichokifanya, maana siku hizi husahaulika. Kijana huyu wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15. Akamalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Mwaka wa kwanza alipata wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Wa pili 10.5, wa tatu 13.6, pamoja na ribaundi 10.8 (mipira inayodakwa mtupo ukikosa) na bloku 4.2 (mitupo ya wapinzani inayozuiwa). Mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, alikuwa mlinzi bora wa ligi ya Big East. Januari 31, 2009, dhidi ya Providence, alifunga pointi 15, akachukua ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Msimu huo timu ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82-73. Huyo si mchezaji wa kubahatisha. Grafu inayopanda namna hiyo kwa mtu aliyeanza akiwa na miaka 15 ni kazi kubwa, yake na ya walimu wake.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyokuwa. Connecticut walilinda kwa kuwasukuma washambuliaji waingie ndani, kwa sababu ndani alikuwepo yeye. Kanuni za vyuo hazimkatazi mlinzi kusimama chini ya kikapu muda wote anaotaka. Kwenye NBA, tangu msimu wa 2001-02, mlinzi asiyemkaba mtu kwa umbali wa mkono haruhusiwi kukaa eneo lile zaidi ya sekunde 3. Akizidisha, wapinzani wanapewa mtupo huru mmoja na mpira unabaki kwao. Eneo lenyewe ni pana zaidi pia: mita 4.88 badala ya 3.66. Kwa hiyo senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, anatoka, anarudi, anatoka tena, na mstari wa pointi tatu uko mbali zaidi, hivyo anayemfuata mtu wake nje ana safari ndefu ya kurudi. Mechi ni dakika 48 badala ya 40, na msimu una mechi 82 badala ya zile 35 hivi za chuoni. Mtu mrefu kiasi hicho, ambaye miguu yake bado inajifunza, hapo ndipo anapoachwa hatua moja. Hatua moja ikipotea, bloku inageuka faulo.

Dalili ilionekana kabla ya drafti. Februari 16, 2009, siku aliyotimiza miaka 22, Connecticut wakiwa namba moja nchini walipambana na Pittsburgh ya DeJuan Blair, senta aliyempita Thabeet kwa upana lakini mfupi wake kwa sentimita 20. Wakigombea ribaundi mikono ikanasana, Blair akamrusha juu ya bega hadi sakafuni. Picha hiyo imezunguka miaka yote, ila somo liko kwenye takwimu: Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet na pointi 5 na ribaundi 4. Blair alikuwa anaingiza nyonga chini ya mapaja ya Thabeet kabla mpira haujagonga chuma, na mtu aliyesimama wima, magoti yamenyooka, akisukumwa pale hana pa kushika. Urefu unasaidia mpira ukiwa hewani. Kabla ya hapo ni vita ya miguu na kiuno.

Upande wa kwanza huishika mechi hii na kusema: angebaki mwaka wa nne, angejifunza kukaa chini na angeimarisha mikono. Hoja ina uzito. Dikembe Mutombo wa Kongo naye alianza kikapu kwa kuchelewa. Alitoka Georgetown mwaka 1991 akiwa na miaka 25, akacheza NBA misimu 18.

Lakini mimi siamini kwamba mwaka wa nne ungetibu tatizo. Angerudi kwenye kazi ileile, chini ya kikapu kilekile, akizuia vijana walewale. Isitoshe, wakati huo chuo kilitoa ufadhili wa masomo tu, ilhali nafasi ya pili ilikuwa na mkataba wa miaka miwili ya uhakika, zaidi ya dola milioni 4 kwa mwaka wa kwanza pekee. Goti likivunjika chuoni, mkataba kama huo unaweza kupotea. Aliondoka wakati sahihi kwa familia yake, na hilo halihitaji kuombewa radhi.

Lililokosekana lilikuwa dakika. Memphis walikuwa na senta Marc Gasol, na wiki chache baada ya drafti wakamleta mchezaji mwingine wa ndani, Zach Randolph. Thabeet akabaki na dakika 13 kwa mechi, na Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards ya ligi ya maendeleo. Wakati huo hapakuwa na mchezaji wa nafasi ya juu hivyo aliyewahi kuteremshwa. Mwaka uliofuata aliuzwa Houston, kisha Portland, na mwaka 2012 akasaini na Oklahoma City akiwa mchezaji huru. Jumla, mechi 224.

Leo mizani imebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaweza kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia mapato. Kubaki hakumaanishi tena kukaa bila senti, ingawa viza ya mwanafunzi inambana kijana wa kutoka Dar au Nairobi kuliko Mmarekani. Kwa mzazi anayeletewa barua ya ufadhili, maswali ya kumuuliza kocha ni haya: mwanangu atamlinda nani akiwa mbali na kikapu? Mwenzake akiwekewa skrini, yaani mpinzani akimzibia njia kwa mwili, atatoka hadi wapi? Na mazoezi ya miguu na nyonga ni siku ngapi kwa wiki, chini ya mwalimu gani?